Mseto wa Kurudi Nyumbani

Wapo wanaodhani kupiga mseto ni kuzipanga nyimbo foleni, moja ikimaliza nyingine inaingia, basi, kazi imekwisha. Hao waache na dhana yao. Kwa Vidole, mseto ulikuwa kazi ya kushona. Mtu akae kwenye kiti chake, ale chakula chake, ajikute yuko katikati ya wimbo wa pili kabla hajajua kwamba wa kwanza umeshamtoka. Akigeuka kuutafuta mshono asiuone.

Jina la Vidole alipewa na wahudumu wa ukumbini, likamganda hadi mume wake naye akawa anamwita hivyo. Kila Jumapili mchana alipiga kinanda katika ukumbi wa kulia chakula wa hoteli moja ya ghorofa tatu, pembeni, baina ya mlango wa jikoni na chungu kikubwa cha maua ya plastiki. Kila Jumapili na mada yake. Wiki hii nyimbo za mvua, wiki ijayo nyimbo za barua, ya tatu nyimbo za waliokosana wakapatana, na hizo zilikuwa nyingi kuliko zote maana watunzi wanapenda ugomvi. Aliyebuni habari ya mada alikuwa meneja, bwana asiyevua tai hata joto likaze vipi. Aliyehangaika nayo alikuwa Vidole.

Alihangaika kwa raha zake. Nyumbani alikuwa na boksi la viatu lililojaa vipande vya kalenda za zamani, kavikata sawasawa, na mgongoni mwa kila kimoja kaandika wimbo mmoja: unaanzia ufunguo gani, mwendo wake ni upi, na ni wapi unaweza kufunguliwa ili mwenzake aingie. Akipata mada alivitandaza sakafuni na kuvizunguka kwa magoti kutwa nzima. Mume wake alikwishazoea kuviruka, kikombe cha chai mkononi.

"Samahani, nimekanyaga bahari," angesema. Au, "Huyu aliyeachwa na treni nimsogeze, au bado analia?"

Mume huyo alikuwa fundi wa jenereta, mtu wa sauti ya chini na mikono isiyotulia. Akikaa lazima awe anafungua kitu au anafunga kitu. Mara nyingi alikuwa safarini na pikapu yake, siku tatu hapa, siku nne kule, akifunga mitambo kwenye mashamba na zahanati. Akirudi alirudi na kichekesho. Vidole alimpenda, tena si kidogo, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya dada zake waliokuwa wakiwasengenya waume wao kutwa.

Kinanda chenyewe kilikuwa zawadi yake. Kabla hawajaoana Vidole alikuwa akipigia kinanda cha kuazima, chenye vitufe vitatu vilivyokwisha kufa, na nyimbo nyingine alizikwepa kwa sababu ya marehemu hao watatu. Alasiri moja fundi akasimamisha pikapu mlangoni, akashusha kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi. Alisema amekipata kwa watu waliokuwa wakifunga ofisi, wanauza kila kitu hadi mapazia.

"Mwenyewe wala sikumwona," alisema. "Nilikuta kimeegemezwa ukutani, nikakuwaza wewe."

Vidole alilia pale pale barabarani. Hakuwahi kupewa kitu cha kubebwa kwa mikono miwili. Kilikuwa na alama ya kuungua upande wa chini, ya ncha ya pasi, lakini nani ataangalia chini ya kinanda? Juu kilikuwa na vitufe vinane vya kuhifadhia, mtu akipiga kitu akitaka kisipotee anabonyeza, kesho anakikuta. Cha saba kilikuwa kimefunikwa kwa gundi nyeusi ya umeme. Fundi alimwambia kina shoti, asikiguse, siku akipata kifaa chake atakitengeneza. Miaka miwili na nusu ikapita, kifaa hakikupatikana, na Vidole hakukigusa. Mume akiwa fundi wa umeme akakwambia kitu kina shoti, utabisha nini?

Siku ya Jumanne meneja akampigia simu. "Jumapili tumejaa. Wauguzi wastaafu wamechukua meza zote. Wanataka nyimbo za kurudi nyumbani."

"Za furaha au za huzuni?"

"Wewe wapigie wale," akasema meneja. "Nyama ni nyingi."

Fundi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kufunga mtambo machimbo ya mawe, arudi Jumapili. Vidole akapata sakafu yote peke yake. Akaanza na wimbo wa treni inayorudi, akauunga na ule wa taa iliyoachwa dirishani, hapo hapakuwa na shida, ni ndugu kabisa hao. Kutoka kwenye taa alitaka kwenda kwenye wimbo wa njia ya mchanga, na hapo akakwama. Mmoja unakwenda kwa mapigo matatu, mwingine manne. Akajaribu kupunguza mwendo, akajaribu kupitia wimbo wa katikati, akajaribu kunyamaza kidogo na kuanza upya, na kunyamaza kwake yeye ni sawa na kushona kwa stapla. Siku mbili zikaisha hivyo, akakasirika hadi akasusia chakula alichopika mwenyewe.

Alhamisi asubuhi akaamua kukisafisha kinanda, kama watu wafanyavyo wakishindwa na kazi. Akapitisha kitambaa chenye maji kwenye vitufe vya juu. Ile gundi nyeusi, iliyokwisha kukauka kwa joto la miezi yote hiyo, ikabanduka na kubaki kwenye kitambaa, na kidole chake kikazama kwenye kitufe cha saba kabla hajakizuia. Alifumba macho akisubiri cheche.

Haikutoka cheche. Ulitoka wimbo.

Ulikuwa ni ule wa treni. Ukafuata wa taa, kwa mwendo ambao Vidole hakuwahi kuuwaza, mkono wa kushoto ukitembea taratibu mno kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kisha, bila kukoma, mkono ule wa kushoto ukadondosha pigo moja, moja tu, na wimbo wa njia ya mchanga ukawa tayari umeingia. Vidole akaketi sakafuni juu ya kadi zake. Kitu alichokitafuta siku mbili kilikuwa pigo moja la kudondosha! Aliyepiga alikuwa hodari kuliko yeye, na alimwonea wivu na kumpenda kwa wakati mmoja.

Baada ya njia ya mchanga ukaja wimbo asioujua. Ulikuwa mfupi, mwepesi, wa kuitia watoto. Ukapigwa mstari wa kwanza, wa pili, na katikati ya wa tatu ukakwama kwenye noti moja. Kumbukumbu za kinanda hazinasi sauti ya mtu wala ya mlango. Zinanasa vidole tu. Na kidole kile kilibaki kimebonyeza noti ile moja kwa muda mrefu, mrefu kupita kiasi, kama cha mtu aliyesita kupiga ili amsikilize aliyeingia. Kisha ikakatika.

Vidole akageuka kutazama mlango, saa nne ya asubuhi na jua limejaa chumbani. Akajicheka. Akajiambia kinanda kilikuwa cha ofisi, na ofisini watu wanakatizwa. Kuhusu shoti akajiambia mumewe alikosea, mafundi nao hukosea. Akachukua mseto wote kama ulivyo, pamoja na kale kawimbo ka mwisho, akauingiza vidoleni mwake hadi Jumamosi jioni akawa anaupiga amefumba macho.

Jumapili wauguzi wakaja na vicheko vyao. Walikuwa kama arubaini, wanawake watupu isipokuwa mabwana watano waliokaa meza moja kwa usalama wao. Vidole akawaachia nyimbo nyepesi wakati wa supu. Sahani kubwa zilipofika akaanza treni.

Kwenye taa, kelele za meza zilipungua. Kwenye lile pigo la kudondosha, mama mmoja alifuta macho kwa leso ya karatasi, na meneja pale mlangoni akamwinulia dole gumba. Vidole akaingia kwenye wimbo wa watoto akiwa amejaa sifa. Kiburi hicho namsamehe, alikuwa amekifanyia kazi, ingawa nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi. Alikuwa mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na kile kitambaa cha mezani kingali kimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Akapita baina ya viti bila kumwomba mtu samahani, akaja hadi mbele ya kinanda. Vidole alifika kwenye noti ile ya mstari wa tatu. Akasimama hapo, kwa kuwa hapakuwa na zaidi.

"Malizia," alisema yule muuguzi.

"Sijui mwisho wake, mama."

"Unajuaje mwanzo usijue mwisho?"

Vidole alitabasamu lile tabasamu la kazini, likakataa kukaa. Mwanamke hakusubiri jibu. Aliinama, akapitisha mkono chini ya kinanda, upande wa kulia, bila kuchungulia, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja mahali vilipotaka.

"Alama ya pasi," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyekiunguza. Mdogo wangu alininunia wiki nzima."

Meneja akawahi kuwasha redio ya ukumbi, maana wageni walikwisha kugeuza shingo. Vidole alimpeleka yule mama kwenye korido ya jikoni, karibu na makreti ya soda, na hapo akaelezwa yote huku wapishi wakiwapita na masinia. Wimbo ule haukuwahi kupigwa redioni hata siku moja. Mama yao, marehemu sasa, aliutunga wa kuwaitia kuoga, yeye na mdogo wake, wawili tu. Mdogo huyo alikua akawa mpiga kinanda wa mahotelini. Mwaka wa tatu sasa alipata kazi mji wa mbali, na asubuhi ya safari akampigia dada yake simu kwamba basi limemwacha lakini ameshapata lifti ya pikapu, tena kwa mtu mstaarabu sana. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Waliwaendea polisi hadi polisi wakawachoka.

"Ulikipata kwa nani?" aliuliza.

"Nilinunua dukani," alisema Vidole. Ulimi ulitangulia, akili ikabaki nyuma. "Duka lenyewe lilishafungwa."

"La nani?"

"Sikumbuki, mama. Ni siku nyingi."

Muuguzi alivua miwani, akaipangusa kwa kile kitambaa cha mezani, akairudisha kifuani. "Mwanangu," alisema, "nimeuguza miaka thelathini na miwili. Namjua mtu anayeniambia hapaumi."

Vidole aliona aibu hadi masikio yakawaka. Ili atoe angalau ukweli mmoja, alimweleza habari ya kitufe cha saba, na kwamba wimbo umo humo, ila unakatikia pale pale alipokatikia yeye. Yule mama alisikiliza kwa makini. Kisha akamsogelea, akamshika bega, akamvumia sikioni mistari iliyobaki. Ilikuwa sauti ya kizee, imekwaruza, lakini noti zilikuwa safi, na mwisho wake ulikuwa wa ajabu kidogo: badala ya kushuka kama nyimbo zote za watoto, ulipanda mara mbili, kama mama anayeita kwa mara ya mwisho kabla hajatoka na fimbo.

"Humo kwenye kinanda mwisho haumo," alisema. "Mtu anaweza kukisikiliza mwaka mzima asiujue. Hajui mwisho huu mtu yeyote ila mimi, na yeye, na atakayekuwa ameimbiwa na yeye. Ukiusikia popote, kwa yeyote, nipigie. Sitakuuliza kwa nini ulinidanganya."

Akamwandikia namba kwenye kipande cha leso ya karatasi, Vidole akakitia mkobani.

Njia nzima ya kurudi, kinanda kikiwa mgongoni ndani ya mfuko wake, alimtetea mumewe. Mtu aliyemuua mwenye kinanda ndiye aliyekipeleka kwenye ile ofisi. Au hakuuawa, alikiuza mwenyewe akatoroka madeni, wanaume hutoroka. Pikapu nchini ni nyingi, na wastaarabu pia si mmoja. Na ile gundi? Gundi ni gundi. Mtu anayeamka kukuchemshia maji ya kuoga bila kuombwa, anayevua viatu mlangoni ili asikanyage kadi zako, utamwendeaje na swali kama hilo? Alitaka jambo moja tu katika dunia nzima: afike, ampigie ule wimbo, amwone asivyoujua, na maisha yaendelee.

Fundi alikuwa amerudi. Alikuwa ameoga, amekaa kwenye kigoda sebuleni na waya wa pasi mapajani, anafunga plagi mpya. Mlango ulikuwa wazi, jua la saa kumi limelala sakafuni.

"Msanii wangu," alisema. "Wazee wamelia?"

"Mmoja."

"Mmoja tu? Basi wana roho ngumu." Akacheka, akarudi kwenye plagi. "Nipigie basi na mimi. Nimekaa siku tano nasikiliza mawe yakipasuliwa."

Vidole alikiweka kinanda kwenye stendi yake, akachomeka umeme. Alikuwa amempa mgongo na akashukuru kwa hilo. Alipiga treni. Alipiga taa. Nyuma yake alisikia bisibisi ikizunguka, ikisimama, ikizunguka. Lile pigo la kudondosha lilipopita, bisibisi iliendelea kuzunguka. Vidole akaingia kwenye wimbo wa watoto, akaenda nao: mstari wa kwanza, wa pili, nusu ya wa tatu. Akasimama.

Alihesabu pumzi mbili na moyo ukaanza kumtulia. Hajui, alijiambia. Ahsante Mungu wangu, hajui.

Ndipo mumewe, kichwa kimeinamia waya, mdomo umefumbwa, akauvumia mwisho wake. Alivumia kama mtu anayevumia anapofanya kazi, hana hili wala lile. Alimalizia mstari wa tatu, akaingia wa nne, na pale ambapo nyimbo zote za watoto hushuka, akapanda mara mbili.

Bisibisi ikasimama.

Vidole hakugeuka. Alikuwa akitazama vitufe, vyeusi na vyeupe, na hakuna hata kimoja alichokitambua. Kilichomwumiza kwanza, na hili litamshangaza asiyewahi kupenda, haikuwa hofu. Ni kwamba aliuvumia vizuri. Yule mpiga kinanda alimwimbia hadi akaushika, kwa hiyo walikuwa wakicheka humo garini, walikuwa wamezoeana. Hofu ilikuja baada ya hapo.

"Vidole."

"Abee."

"Umeupiga huo mbele za watu leo?" Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini.

"Hapana," alisema. "Sikuwahi. Meneja aliniwekea redio."

"Aha."

Alisikia kigoda kikisukumwa. Alisikia plagi ikiwekwa mezani taratibu, kwa uangalifu, kama alivyoweka vitu vyake siku zote. Mkono ukapita pembeni yake na kidole gumba kikakipapasa kitufe cha saba, mahali palipokuwa na gundi, kikapafuta kana kwamba pana vumbi.

"Maziwa yamekwisha," alisema Vidole. Alistaajabu kusikia sauti yake ikitoka sawasawa. "Acha nikimbie dukani mara moja, duka halijafungwa. Nakuja sasa hivi."

Aligeuka. Mkoba wake, wenye simu na ile namba, ulikuwa juu ya meza, na mumewe alikuwa amekwisha kuuchukua. Aliuning'iniza begani mwake mwenyewe, mzaha wake wa siku nyingi wa kumbebea mkoba wakitoka pamoja, ambao majirani walikuwa wakiucheka na Vidole akijivunia.

"Ngoja nivae viatu," alisema kwa upole. "Twende wote."